Pigo la Nne

Walinicheka kwenye mazishi ya Mzee Kaspari, na mimi nikacheka nao, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo ninapoandika. Mpwa wake, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua kichwani kama vile kaja harusini, alishika kipaza sauti akasema, "Kabla hatujaendelea, jamani, naomba nimtambulishe mama yetu nesi Felista kutoka Kibaha. Huyu ndiye aliyempigia Mjomba kengele ya msiba akiwa hai! Simama mama, wakuone." Turubai zima likaangua kicheko. Nikasimama, nikapunga mkono, nikakaa. Kengele ya siku hiyo ilitoka kwenye spika, imerekodiwa kwenye simu ya mtu, maana mnara una ufa na hakuna anayepanda tena. Kisha ukasomwa wasifu wa marehemu, kurasa tatu: shule alizofundisha, mikorosho aliyopanda, vyeo vyake vya kanisani, hata safari aliyokwenda kumwona askofu. Mke wake alipata mstari mmoja, kwamba alimtangulia. Nusura ninyanyuke tena, safari hii bila kualikwa. Nilijibana tu kwa sababu ya magoti na kwa sababu ya aibu, na sitasema kipi kilizidi.

Hadithi wanayoicheka ni fupi, na njia nzima ya kwenda Masaki, ile ya mikorosho si ile ya Dar, wanaijua. Binti mmoja mjinga wa parokiani alihesabu vibaya, watu wakapeleka kuni na mikeka kwa mtu aliye hai, mtu mwenyewe akanyanyuka kitandani kwa hasira, akaishi karibu miaka arobaini mingine. Inachekesha, sikatai. Basi mimi ndiye binti huyo, na sikuhesabu vibaya. Nimestaafu, nina nyumba yangu Kibaha, sina padri wala mwenyekiti wa kumwogopa, na nimechoka kuchekesha watu kwa jambo wasilolijua.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na nilifika parokiani mwezi wa kwanza na begi moja. Habari za kwetu siziandiki. Anayetaka ukoo akatafute kwingine. Chumba nilichopewa kilikuwa nyuma ya nyumba ya mapadri, kati ya jiko na stoo ya mishumaa, ukuta mmoja unanuka nta na mwingine unanuka vitunguu. Kazi yangu ilikuwa kufua, kupiga pasi na kumsaidia Mama Teckla, mpishi, mwanamke mnene aliyekuwa akiongea na masufuria akikosa mtu. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu. Mapadri wakila kuku, sisi tulikula mchuzi wa kuku. Kati ya jiko na chumba chao cha kulia kulikuwa na kidirisha cha kupitishia vyakula, na kidirisha hicho kilikuwa hakifungi sawasawa, kwa hiyo hakuna lililozungumzwa mezani pale ambalo sisi hatukulisikia. Ndivyo nilivyosikia siku moja kwamba Mzee Damas, mpiga kengele, mgongo umemshinda kabisa. Paroko akasema huku anatafuna, "Yule binti wa kufua ana mikono." Padri msaidizi akauliza, "Mwanamke, Baba Paroko?" Paroko akajibu, "Kengele haina habari." Mama Teckla akaniangalia, akaacha mwiko ndani ya chungu. "Mwanangu," akasema, "umekwisha."

Kengele kuna kuipiga na kuna kuiharibu. Mzee Damas alinifundisha akiwa amekaa kwenye ngazi ya chini, kiuno amekifunga kanga ya mkewe, ananifokea kama mtu anayefukuza mbuzi. Kamba kubwa ni ya kuyumbisha kengele yenyewe. Unaivuta kwa uzito wa mwili, kisha unaiachia ikunyanyue mpaka visigino vitoke chini, na ukiing'ang'ania inakuchuna viganja. Hiyo ni ya Misa na ya sala ya Malaika wa Bwana, mara tatu kwa siku: matatu, kimya, matatu, kimya, matatu, halafu unaiachia iimbe. Kengele ya msiba ni kazi nyingine. Hapo unapanda mpaka juu kwenye popo, unaifunga kengele isiyumbe, unashika kamba fupi iliyofungwa kwenye ulimi, kile chuma kinachoning'inia ndani, unagonga upande mmoja tu, polepole. Mapigo tisa kwa mfu yeyote, awe mkubwa awe mdogo. Unanyamaza muda wa Salamu Maria moja. Kisha unapiga namba ya jumuiya yake. Parokia ilikuwa na jumuiya tano na hakuna aliyekuwa na simu, kwa hiyo namba ile ndiyo iliyowaambia watu wabebe kuni zao kuelekea wapi. Ukikosea, ulikuwepo utaratibu: unapiga harakaharaka mfululizo bila kuhesabu, ili watu wajue imefutwa, halafu unaanza upya tangu tisa. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza kabisa, na naomba msomaji alishike.

Nje, mashambani na barabarani, watu walihesabu kwa vidole. Waislamu pia, maana msiba ni msiba. Bi Zuhura, aliyekuwa akiuza vitumbua mbele ya geti la kanisa, aliijua hesabu ile kuliko wanakwaya, na mara nyingi yeye ndiye aliyefika wa kwanza nyumba ya msiba, kuni kichwani.

Wakristo wenzangu walinichukia. Sisemi walinikosoa, nasema walinichukia. Akina mama waliacha kuniitikia salamu. Nikisema shikamoo, mtu anaangalia paa. Wakati wa Kwaresima nilikuta kamba imepakwa upupu, nikajikuna mpaka mabegani, na jioni yake Mama Teckla akanipaka mafuta ya nazi huku anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Mwenyekiti wa halmashauri ya walei alikuwa Mzee Kaspari, mwalimu mstaafu, mrefu, suruali imenyooka kila siku hata wakati wa matope. Yeye hakuhitaji upupu. Alisimama baada ya Misa, kabla ya matangazo ya ndoa, akasema, "Ndugu waumini, tumefika mahali ambapo hata kengele inavaa kanga." Kanisa zima likacheka. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa mnara, kamba bado mkononi. Nilimchukia tangu dakika ile na sijaacha, na kumwona kwenye jeneza hakujanipunguzia kitu.

Baada ya Pasaka akaugua. Kifua, kisha miguu, kisha kila kitu. Mwezi wa saba alipewa mpako wa wagonjwa, na watu wakaanza kumzungumzia kwa kushusha sauti. Mkewe aliitwa Mama Skola, kwa jina la binti yao aliyeolewa Dar. Mwanamke mwembamba, asili yake Magindu, mwenye ulimi mkali kupita mwili wake. Katika wote walionichukia, yeye ndiye aliyenichukia kwa bidii zaidi, labda kwa kuwa mumewe alianza. Hata hivyo kila Alhamisi asubuhi alikuja kanisani kubadilisha maua na vitambaa vya altare, na akimaliza, badala ya kwenda zake, alikuwa anakwenda benchi la nyuma kabisa, anavua viatu, anajilaza. Nilimwona mara ya kwanza nikifagia. Alikuwa amelala mdomo wazi. Nilirudi jikoni nimejaa furaha chafu, nikamwambia Mama Teckla kwamba mke wa mwenyekiti anakoroma mbele ya Ekaristi. Mama Teckla hakucheka. Alisema, "Muache. Nyumbani halali yule. Mzee akikohoa anataka uji, uji ukija anaurusha. Amemwambia Alhamisi anakwenda zahanati kuchukua dawa na foleni ni ndefu. Kweli dawa anazichukua, lakini foleni yenyewe ndiyo hilo benchi." Nikasema, "Basi ni mwongo pia." Mama Teckla akanigeuzia mgongo, akaendelea kuponda kisamvu.

Mimi nilikuja kufanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini. Nimewaona wake wa wagonjwa wakilala wamesimama, wameegemea ukuta, beseni mkononi. Nimewafunika kanga, nimewafukuzia wageni. Kila nilipofanya hivyo nilijua ninamlipa nani, na nilijua pia kwamba hayamfikii.

Sasa ile Alhamisi. Ilikuwa mwezi wa nane, saa tatu asubuhi. Paroko alitoka na kikombe cha chai akaniambia, "Bibi Monika wa jumuiya ya tatu ametutoka alfajiri. Panda." Bibi Monika alikuwa mjane asiye na watoto, mpole, mtu wa kukaa benchi la pembeni. Nikapanda, nikaifunga kengele, nikaanza. Sikukumbuka kabisa kwamba chini yangu, upande wa pili wa ukuta, kuna mtu amelala. Pigo la nne au la tano nikasikia mlango wa kanisa umefunguliwa kwa kishindo. Mama Skola akatokea chini ya mnara, miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kimelegea, amefumba jicho moja kwa jua. "Wewe!" akapiga kelele. "Wewe mwanaharamu wewe! Hata kufumba macho mtu asifumbe?" Nikaendelea. Sita, saba, nane, tisa. Kengele ikiwa inalia maneno yake yalimezwa, lakini ukaja ule muda wa Salamu Maria, kimya kitupu, na kila neno likapanda mnarani safi kabisa. Alisema mikono yangu imetoka kufua nini na sasa inashika nini kilichobarikiwa na askofu. Hilo nilikuwa nimeshalizoea. Nikapiga moja. Nikapiga mbili. Akamtaja mama yangu. Nikapiga tatu. Na hapo ndipo aliposema kuhusu mama yangu neno ambalo silirudii hapa, na mkono wangu ukauvuta ule ulimi wa kengele kwa nguvu ambayo sikuwahi kuitumia. Pigo la nne halikuwa hesabu. Lilikuwa jibu.

Nilimwona kutoka juu anaangalia vidole vyake, maana na yeye, hata katikati ya matusi, alikuwa anahesabu kama watu wote. Jumuiya ya nne ilikuwa yao, na jumuiya ya nne ilikuwa na mgonjwa mmoja tu aliyepakwa mafuta. "Kaspari," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwita mezani. Kisha akakimbia. Viatu vyake vilibaki ndani ya kanisa.

Ningeweza kumwita. Sauti ninayo, na wakati ule ilikuwa kubwa kuliko sasa. Ningeweza kupiga harakaharaka, kufuta, kuanza upya. Nilikaa pale juu na popo, nikamwangalia anavyokimbia kwenye mchanga, nikasema moyoni, na akione. Nitafuta baada ya dakika moja. Dakika ikawa mbili, ikawa tano. Nilipofuta hatimaye na kuanza upya, watu walikuwa wameshabeba kuni na wako njiani, na kengele ile ya kukatikakatika wakaidhania ni binti anajichezea. Haya ndiyo yaliyotokea mnarani, na kwa wiki chache watu wawili tu ndio tulioyajua.

Yaliyotokea nyumbani kwa Kaspari sikuyaona. Alinisimulia Bi Zuhura siku ileile, vitumbua vyake vimepoa; kengele ilipolia alikuwa anavitembeza jirani na kwa Kaspari. Walifika kina mama kama kumi na tano, wakakuta mlango umefungwa, wakadhani ndani wanamwandaa marehemu. Hakuna aliyegonga. Wakatandika mikeka, wakawasha moto wakabandika maji. Wakaanza maongezi ya msibani, yale ya kusubiri. Mmoja akasema marehemu alikuwa mtu wa haki. Mwingine akasema haki gani, wakati yeye mjane mpaka wa shamba lake umehamishwa mara mbili, na mikorosho sita imeingia ndani kwa Kaspari ikiwa imesimama palepale. Wakacheka kidogo, kwa adabu. Mwingine akasema huko alikokwenda atakuwa ameshaomba uenyekiti. "Nami nikacheka, mwanangu," Bi Zuhura alisema, "Mungu anisamehe, nikacheka." Ndipo Mama Skola, aliyekimbia njia yote ndefu kutoka kanisani, akaingia uani, anahema, miguu inatoka damu, akaanguka kwenye mkeka. Wakamshika. Wakamwambia jikaze, mama, Bwana ametoa. Akasema, na alisema kwa nguvu kwa sababu alikuwa bado hajapata pumzi, "Niacheni nilie. Nalia kwa kupumzika. Miaka ishirini na sita, jamani. Leo nitalala."

Mlango ukafunguliwa. Mzee Kaspari alikuwa amesimama, amejifunga shuka, ameshika fremu kwa mikono miwili. "Lahaula!" Bi Zuhura aliangusha mzigo wake. Kaspari aliwatazama mmoja mmoja, mwalimu anayeita mahudhurio. Akauliza, "Nani amekufa?" Akamwangalia mkewe pale chini, muda mrefu. Kisha akasema, "Hizo kuni ziingizeni jikoni, msiziache juani." Akarudi ndani. Kuni hakuzirudisha, na wala hakuna aliyethubutu kuziulizia.

Kwa Bibi Monika, aliyekufa kweli, hakufika mtu mpaka saa tisa alasiri. Majirani zake wawili walikaa na maiti siku nzima wakishangaa walimkosea nani. Hilo halimo kwenye hadithi ya kuchekesha.

Wiki ya tatu Kaspari alikuja Misa kwa miguu yake, na fimbo. Daktari wa zahanati alisema ni dawa. Mama Teckla alisema, "Dawa gani, ile ni ghadhabu tupu." Kaspari akaniita mbele ya halmashauri. Nilikwisha kuambiwa na Paroko, kwa kupitia kidirisha kilekile cha chakula, nisijitetee sana: niseme watu walisikia vibaya, upepo. Nikasema upepo. Kaspari akauliza, "Jumuiya zote tano ni viziwi?" Nikasema basi mkono uliteleza. Akaandika kitu kwenye daftari lake bila kuniangalia. Mama Skola alikuwa dirishani nje pamoja na akina mama wengine, na niliona macho yake. Aliniogopa. Mwanamke yule aliyenitukana tusi la mwisho sasa ananiogopa, na mimi, Mungu wangu, niliona raha.

Sasa kulikuwa na barua. Jimbo lilikuwa linapeleka wasichana wawili kusomea uuguzi Kibaha, na Paroko alikuwa ameandika jina langu. Barua ilitakiwa sahihi mbili, yake na ya mwenyekiti wa walei, na iwe imefika kabla mwezi wa tisa haujaisha. Sahihi ya Paroko nilikuwa nayo. Bila ya pili ningebaki palepale, kati ya nta na vitunguu, nafua kanzu za watu mpaka nizeeke, au nirudi nilikotoka, ambako sikuwa tayari kurudi nikiwa hai. Niliibeba barua ile siku nne chini ya nguo. Siku ya tano nikaenda kwake.

Alikuwa amekaa sebuleni, meza imetandikwa kitambaa cha kufuma, mbele yake sahani ya muhogo wa kuchemsha na kikombe cha chai ya rangi. Shikamoo, marahaba. Hakunikaribisha kukaa. Mama Skola alileta chumvi, akatoka, na nikasikia anaanza kutwanga jikoni. Kaspari akaisoma barua mara mbili, akaiweka karibu na sahani.

"Mimi nimefundisha watoto miaka mingi," akasema. "Mkono hautelezi mara moja. Mkono ukiteleza kwenye namba, umeteleza na kwenye tisa. Tisa zako zilikuwa safi. Nilizihesabu nikiwa kitandani. Nani alikuwa pale chini?"

"Hakukuwa na mtu, mzee."

"Binti." Akachomoa uzi wa muhogo, akauweka pembeni. "Huyo mwanamke aliingia hapa hana viatu. Aliniambia ametoka zahanati. Zahanati hawavui viatu. Sema nani alikuwa pale chini, nisaini uende zako. Usiposema, ondoka na karatasi yako."

Kutwanga kukaacha. Nyumba ile ilikuwa ndogo, na ukuta wa jiko ulikuwa wa matete. Nilijua anasikia, na alijua kwamba najua. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Kila mara ninapoirudia siku ile nafasi hiyo inakuwa kubwa zaidi. Nikasema, "Alikuwa Mama Skola. Alinitukana, nikakasirika."

Akatikisa kichwa polepole, akachukua kalamu. Alikuwa ameshapata alichokitaka. Barua ilikuwa inakwenda kusainiwa, hakuuliza neno jingine, na mimi nikafungua mdomo tena. "Huwa anakuja kila Alhamisi," nikasema. "Haji kwa ajili ya maua tu. Analala. Anavua viatu analala kwenye benchi, saa nzima, saa mbili, wewe anakuambia foleni." Hilo hakuniuliza. Nililitoa mwenyewe, na nilipolitoa lilikuwa tamu.

Alisaini kwa mwandiko mzuri, akakausha wino kwa kupuliza. "Hongera," akasema.

Magindu, kwao Mama Skola, si mbali na hapa nilipo. Katika miaka yote ile wodini, mgonjwa akiandikwa anatoka Magindu, nilikuwa naangalia jina kwanza kabla ya kuangalia ugonjwa. Hakuja. Wala mimi sikwenda, na nauli nilikuwa nayo, na siku za mapumziko nilikuwa nazo. Nilisikia kwa watu kwamba alikaa kwa kaka zake, chumba cha uani, akiwafugia kuku, na kwamba alifariki huko kabla nywele zangu hazijaingia mvi. Mumewe hakwenda kuzika. "Alimtangulia," kwenye wasifu wameandika.

Alirudishwa kwao siku ya tatu baada ya barua. Kaspari hakumpiga wala hakupaza sauti. Bi Zuhura alisema alimpangia sanduku yeye mwenyewe, nguo zimekunjwa vizuri. Nilikuwa mnarani, nakaribia kupiga ya saa sita. Nilikuwa chini, pale kamba kubwa inaposhuka kupitia tundu la sakafu ya juu, na pembeni yake palikuwa na kidirisha kilichotazama barabara, na kupitia hapo nikamwona anakuja, sanduku la bati kichwani, mkono mmoja umelishika, miguuni viatu vya mtu mwingine, vikubwa. Alikuwa peke yake. Nilitaka kusubiri apite. Lakini saa sita ni saa sita, na Paroko alikuwa uani anaangalia saa yake. Nikavuta.

Pigo la kwanza, watu wote wa barabarani wakasimama kama ilivyo desturi. Mwenye baiskeli akashuka. Wanaume waliokuwa na kofia wakazivua. Bi Zuhura akatua ukawa wake wa kufunikia vitumbua, kwa heshima tu ya jirani. Mama Skola hakusimama. Alipita katikati yao wote, shingo imenyooka chini ya sanduku, hakutazama kanisa, hakutazama mnara, akaipita kengele yangu kana kwamba hailii. Matatu, kimya, matatu, kimya, matatu. Barua ilikuwa ndani ya sidiria yangu, imekunjwa mara nne, na kila nilipovuta kamba ilinikwaruza. Nikamwangalia mpaka akapotea kwenye kona ya mikorosho, nikaiachia kengele iimbe, na siku hiyo sikukosea hata pigo moja.